Kijani cha Kigwena

Cape Town, Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu,

Shikamoo. Hiyo ni ya leo, na nyingine naiweka kwa zile siku zote nilizopaswa kukuamkia nisikuamkie. Umeamkaje? Goti lako la kushoto linakuruhusu kuinama kwenye pipa la mawese, au bado unamwita shangazi akukorogee? Mtoto wa Mariamu ameanza kutembea? Na usiku wa huko ukoje, mnalala kama watu, au bado mnalala na viatu miguuni, tayari kukimbia? Kila siku najiuliza maswali haya na kujijibu mwenyewe, na majibu yangu huwa mazuri mno kuliko hali ilivyo, najua.

Mariamu, dada yangu, wewe unayesoma: funga mlango wa uani majirani wasijae, ukae karibu na Mama, usome yote kama nilivyoandika. Nakujua. Tangu tuko chuoni ulikuwa na tabia ya kuruka mistari migumu ukidhani mwalimu haoni. Leo usiruke. Hata panapouma, soma.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nina chumba changu karibu na msikiti, na jamaa wa Uvira na wa Bujumbura tunaokutana nao Ijumaa tukaulizana nani amepata habari za nyumbani. Amani haijafika, tunaambiwa tu kwamba wakubwa wanazungumza. Tunatakiana amani, amahoro, amahoro, kisha kila mtu anarudi kwenye kazi yake.

Mama, nimeambiwa bado unashuka ufukweni kila asubuhi. Mariamu ameandika kwamba unakwenda kabla jua halijakolea, unakaa pale Baba alipozoea kuvuta mtumbwi wake, na ukiulizwa unasema unaangalia tu. Ameandika pia kwamba shehe amekuja mara mbili kukuomba ukae eda, nawe ukamjibu: "Eda ya nani? Mume wangu iko njiani." Sababu ya barua hii ni hiyo. Nataka ukishaisikia ushuke ziwani mara moja tu, ya mwisho, kisha urudi ndani ukae eda yako. Lakini sina uso wa kukuomba hivyo kabla sijakuambia ni nini kilimpeleka Baba kwenye maji ya Kigwena siku ile. Ni mimi, Mama. Niliyempeleka ni mimi.

Tafadhali usinyanyuke. Mariamu, endelea.

Mnajua kwamba kazi yangu ni melini, lakini sidhani niliwahi kuwaeleza vizuri ni kazi gani. Niliipamba sana. Niliandika kwamba niko na wataalamu wa bahari, nikaacha mfikirie mimi pia ni mtaalamu. Mimi ni mkoroga kutu, Mama. Wewe unakoroga mawese, mimi nakoroga kutu. Kuna matangi makubwa nyuma ya meli, tunatia maji ya bahari, tunatia tindikali kidogo, kisha tunamimina gunia baada ya gunia la unga wa chuma, tunakoroga mpaka uyeyuke, na bomba la mpira linaumwaga baharini huku meli ikizunguka taratibu. Ovaroli yangu ina rangi ya matofali na haitoki hata niifue kwa sabuni ya aina gani. Hata kucha zangu zimeingia rangi hiyo. Ungeniona ungedhani nimepaka hina kwa ajili ya harusi.

Utauliza, bahari inalishwa chuma ya nini? Hata mimi niliuliza, na nilicheka. Walinieleza hivi. Moshi wa magari na viwanda vya dunia nzima umepanda hewani na unaifanya dunia ipate joto. Ndani ya maji kuna mimea midogo mno, jicho halioni mmoja mmoja, wenyewe wanaiita planktoni. Mimea hiyo inavuta ile hewa ya moshi na kuila. Ikiwa mingi, maji yanageuka kijani. Sasa wanasema mimea hiyo imepungua baharini, na kule kusini kabisa karibu na barafu inakosa chuma tu ili istawi. Basi sisi tunaipelekea chuma. Tunaiwekea bahari mbolea kama mtu anavyoliwekea shamba la mihogo.

Safari ya kwanza nilisimama nyuma ya meli siku nyingi nikitazama maji meusi, baridi imenikaza mashavu, nikijisemea hawa watu wana wazimu wa kusomea. Halafu maji yakaanza kubadilika. Yalibadilika kidogo kidogo, kwanza nilidhani ni mawingu, kisha asubuhi moja nikaona kijani kabisa, kipana, kimefuata njia tuliyopita. Wataalamu walikumbatiana. Nami nililia, Mama, kwa sababu nilikuwa sijaona maji ya rangi ile tangu niondoke kwetu Rumonge, kwenye ziwa letu.

Wewe unakumbuka jinsi Baba alivyokuwa akisema. Ndagala, dagaa wetu wadogo, anakula kile kijani, samaki mukeke anamla ndagala, sisi tunamla mukeke. Kukiwa hakuna kijani hakuna kitu. Alianza kusema ziwa lina homa hata kabla ya vita, watu wakamcheka. Vita vilipokuja, serikali ikaandika sheria kwamba mtu avue mchana tu na asitoke mbali na ufukwe, na taa za kuvulia ndagala usiku zikalala. Kila mtu akasema njaa hii ni ya vita. Baba peke yake alikuwa akitumbukiza mkono majini na kusema: "Vita iko, nakubali. Lakini na ziwa lenyewe iko na joto."

Basi mimi niliporudi bandarini kutoka safari ile ya kwanza, nikakaa nikawaandikia ile barua ndefu. Mariamu, bado unayo? Kama unayo, ichome. Niliandika kwamba nimeijua siri ya maji. Niliandika kwamba tuliigeuza bahari kuwa kijani, na samaki wakaja wakijaa mpaka maji yakawa yanachemka. Nikaandika maneno haya, nayakumbuka kwa sababu niliyaona mazuri: "Mukiona maji ya kijani popote, msingoje msimu wala upepo, tokeni. Kijani ni kijani."

Samaki sikuwaona, Mama. Hata mmoja. Niliona ndege watatu au wanne wakizunguka, nikawafanya samaki. Meli iliondoka pale kabla ya kuonekana chochote. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu. Mtu ameuza baiskeli ya baba yake ili avuke kwenda Kigoma na kuendelea mpaka mwisho wa Afrika, kisha aandike kwamba anakoroga kutu? Nilitaka muwe na kitu cha kusema ufukweni.

Na kosa jingine ni kubwa kuliko huo uongo. Wewe unajua Baba alitufundishaje. Kijani kiko cha namna mbili. Kuna kijani cha upepo, kile kinachokuja wakati wa kiangazi, upepo wa kusini ukishalikoroga ziwa na maji ya baridi yakapanda kutoka chini. Hicho ni chakula. Halafu kuna kijani cha joto, kinachokuja wakati upepo umekufa na maji yamelala, kinaelea juu tu, na samaki wanakikimbia. Kwa macho vinafanana. Ndiyo maana Baba hakuwahi kuamini macho. Alikuwa anakunja shati, anatumbukiza mkono mpaka kiwiko, anahesabu pumzi tatu, anautoa. Ukitoka safi, ni cha upepo, twende. Ukitoka na rangi imeshika kwenye nywele za mkono, ni cha joto, turudi tukalale. Wavuvi wote wa kwetu walikuwa wanamngoja atoe mkono ndipo wasukume mitumbwi.

Mimi niliandika "kijani ni kijani" kuhusu maji ambayo sikuwahi kuyatia hata kidole. Nilikuwa juu ya meli, ukingo wake ni mrefu kuliko nyumba ya ghorofa, nimevaa glavu. Nilitazama tu. Mimi, mtoto wa Athumani, nikatazama tu, nikaandika.

Kisha ikaja ile simu. Mariamu alikwenda mpaka Bujumbura kunipigia, akanipata kwenye duka la chini ya chumba changu, nikamsikia akilia hata kabla hajasema. Mtumbwi umekutwa unaelea wenyewe, upande wa kusini, kapu limo, mshipi umekatika. Mchana ule watu walisikia milio ya bunduki juu ya maji mbele ya msitu wa Kigwena. Hakuna anayejua aliyepiga, waasi waliokuwa msituni au askari waliokuwa kwenye boti. Hakuna anayetaka kujua, na simlaumu mtu. Ziwa letu lina kina, Mama. Anayekwenda chini pale hapandi.

Sikumuuliza Mariamu kwa nini Baba alikwenda Kigwena. Nilijua: kule kulikokatazwa asingekwenda ila kwa kufuata kijani, kama nilivyoandika. Niliweka simu chini, mwenye duka akaniuliza nimefiwa na nani, nikapanda chumbani.

Siku chache baadaye meli ikaondoka safari ya pili na nikaenda nayo. Utaona ajabu kwamba nilienda. Lakini ningebaki hapa nifanye nini? Huko nilikuwa na kutu ya kukoroga. Niliikoroga mpaka mikono ikapasuka.

Kuna mtaalamu mmoja mwanamke, Mfaransa, mtu mzima, tunamwita Madamu. Kwa kuwa nilisoma Kifaransa shuleni, hunituma vitu vidogo vidogo na tunazungumza. Maji yalipoanza kuwa kijani safari hii alinifuata nyuma ya meli akiwa na furaha, akaniambia sasa kazi ya kweli ndiyo inaanza, kujua kile kijani kinakwenda wapi. Nikamuuliza, mnataka kiende wapi? Akasema: "Tunataka kizame. Kikifa kikazama mpaka chini kabisa, kinakwenda na ule moshi, na hauwezi kurudi juu miaka mamia. Tunaomba kizame kisirudi."

Mama, niliweka chini ndoo niliyokuwa nayo nikaondoka bila kuaga. Hana kosa, hakujua. Lakini kumsikia mtu anaomba kitu kizame kisirudi, nilishindwa.

Alinikuta baadaye nimekaa nyuma ya matangi. Akaniuliza nina nini. Ndipo nikamwambia. Nilimwambia habari za Baba, za barua yangu, na za kijani cha namna mbili na mkono mpaka kiwiko. Mwisho akauliza, "Na haya maji yetu, umeyapima kwa mkono?" Nikasema hapana. Akainuka mwenyewe, akateremsha ndoo kwa kamba, akaileta imejaa, akaiweka mbele yangu.

Nilivua glavu, nikakunja ovaroli. Nilisema bismillahi kama Baba alivyokuwa akisema. Nikatumbukiza mkono mpaka kiwiko. Ile baridi sina la kuifananisha nayo, ilikuwa inauma mpaka kwenye meno. Nikahesabu pumzi tatu, nikautoa.

Mkono ulitoka safi. Hata ile rangi ya kutu ilionekana vizuri zaidi. Maji yaliteleza yakaisha, hakuna kilichoshika.

Madamu akanieleza kwamba waliolipima ziwa letu wanafikiri kama Baba. Kwamba maji ya juu yamekuwa ya moto kupita zamani, yanakaa kama kifuniko, na yale ya chini yenye chakula hayapandi tena kama yalivyokuwa yakipanda. Nikamuuliza, basi si mtupe na sisi magunia machache ya chuma tukamwage Rumonge? Akatikisa kichwa. Akasema ziwa lenu halikosi chakula, chakula kiko chini, linakosa upepo na baridi ya kukipandisha, na hicho hatuna gunia lake. Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo, kwamba hata haya tunayofanya hapa hawajui kama yatasaidia. Kijani chetu kinakaa majuma machache, kinatoweka. Labda kimezama, labda kimeliwa. Akasema, "Baba yako alikuwa anajua kuliko sisi wapi pa kutazama." Alikuwa anataka kunifariji. Lakini kila neno lilikuwa linaniambia kwamba Baba alikuwa sahihi maisha yake yote, na mwanawe ndiye aliyemwandikia vingine.

Juma lililopita tumerudi. Pale msikitini nikakuta bahasha mbili zinaningoja.

Ya kwanza ilikuwa yako, Mariamu. Niliifungua haraka kwa kuwa niliujua mwandiko. Uliandika habari za Mama na ufukwe, na za shehe. Halafu uliandika jambo moja ambalo wewe mwenyewe ulisema hulielewi: kwamba miezi miwili ya mwisho, Baba alikuwa kila Ijumaa anakwenda pale magari ya Bujumbura yanaposimama, anauliza kila dereva kama hana barua ya Athumani kutoka kwa Hamisi. Mkamtania kwamba amekuwa kama bibi harusi. Yeye anacheka, na Ijumaa nyingine anakwenda tena. Ukaandika, "Nafikiri alikuwa amekukumbuka sana."

Ya pili ilikuwa na stempu za Kigoma na mwandiko nisioujua. Juu yake limeandikwa jina langu na "Musikiti, Cape Town" basi. Misikiti ya hapa ni mingi, Mama. Ilizunguka kutoka msikiti hadi msikiti, imechakaa pembe, mpaka Ijumaa moja nikiwa baharini mtu mmoja akalitaja jina langu kwa sauti na jirani yangu akaipokea. Ni barua ya Baba. Ameiandikisha kwa Mama Furaha, yule Mkongomani anayenunua ndagala, na yeye ndiye aliyevuka nayo mpaka Kigoma. Naiandika hapa yote, kwa maneno yake, Mama usikie sauti yake:

"Hamisi mutoto yangu, salamu. Mimi niko muzima, mama yako iko muzima. Anayeandika ni Mama Furaha, kwa sababu sipendi Mariamu ajue kama niko na mashaka na barua yako. Mariamu aliisoma mbele ya watu wote pale ufukweni. Watu wakafurahi, wakasema mutoto ya Athumani amejua siri ya maji. Na mimi nilifurahi sana, nisikufiche. Sasa, Kigwena maji imekuwa kijani. Nilienda kwa miguu nikaiona. Upepo hakuna, joto iko mingi. Pale kando iko matope, huwezi kuipima, inatakiwa kutoka kidogo na mutumbwi, na wewe unajua huko haturuhusiwi. Watu wananiambia Muzee twende, mutoto yako ameandika. Nimewaambia wangoje. Hamisi, nakuuliza kitu kimoja, unijibu mbio. Hiyo maji yako ya bahari, ukitia mukono mpaka kiwiko, unatoka safi ao unatoka na rangi? Kama unatoka safi, basi yako ni ile ya upepo, na hii ya Kigwena ni ingine, nitawakataza watu wasiende. Kama unatoka na rangi na bado samaki wanakuja, basi mimi ni muzee nilikosea, tutaenda. Nitangoja jibu yako mpaka mwezi ife mara mbili. Zaidi ya pale watu hawatangoja, njaa iko. Kama jibu haijafika, nitaenda peke yangu kwanza kutia mukono, ili kama ni ya joto wasiingie kwa hatari ya bure. Murakoze, aksanti mutoto yangu. Ukae na Mungu. Usivae nguo ya mubichi kwa ile baridi."

Ni hayo, Mama. Neno la mwisho alilonipa ni nguo.

Hakuwa anakumbuka sura yangu pale kwenye magari. Alikuwa anangoja neno moja. Alikwenda peke yake kwa sababu hakutaka wengine wafe kwa ajili ya barua yangu. Kama jibu lingefika, angewakataza, angerudi nyumbani, angekaa uani akuchokoze kwamba mawese yako yana mchanga. Na mimi wakati anauliza nilikuwa hapa nangoja meli, sina kazi, natembea mjini nikitazama madirisha ya maduka.

Nimekaa na barua hii juma zima. Nimejaribu kuiacha isiseme kinachosema. Nilifikiri nikufiche, niandike tu habari za goti na mtoto. Lakini wewe unakaa pale ufukweni ukimngoja, na wa kukuambia kwamba haji ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nangojwa kabla yake.

Sikuombi uniambie kwamba si kosa langu. Ukisema hivyo sitaamini, na utakuwa umenidanganya kwa huruma. Ninachoomba ni radhi yako. Kama huwezi kunipa leo, nipe siku utakayoweza. Nitangoja, hata mwezi ufe mara ngapi.

Nimempa jamaa mmoja anayerudi Bujumbura kifurushi. Ndani mna vitambaa viwili vyeupe vya eda, na sweta la Mariamu. Msikitini tumemswalia Baba swala ya asiyekuwepo, safu zilijaa mpaka nje, na wengi hawakuwa wanamjua. Kwa hiyo ameshaswaliwa, Mama. Hajalala bila dua.

Nisalimie shangazi anayekukorogea mawese, mwambie mikono yangu sasa ni mibaya kuliko yake. Nisalimie mjomba fundi wa mitumbwi, nasikia ule wa Baba ameuvuta juu akaugeuza, nimemshukuru. Shehe mpe salamu zangu na umfungulie mlango akija mara ya tatu. Mama Furaha mwambie barua ilifika. Usimwambie lini. Wavuvi wenzake Baba, wale waliomngoja siku ile, wasalimie kila mmoja, na uwaambie alikuwa anawakinga. Mtoto wa Mariamu mbusu kichwani.

Basi, nimebakiza lile nililosema mwanzo. Kesho asubuhi shuka ufukweni kama kawaida yako. Mariamu akushike mkono kwa sababu ya goti. Ingia majini mpaka magotini, ukunje mkono wa nguo, utie mkono mpaka kiwiko, uhesabu pumzi tatu. Kisha mpe Baba jibu lake, kwa sauti, kwa kuwa mimi niko mbali na sitafika. Mwambie Hamisi ametia mkono. Mwambie mkono umetoka safi. Mwambie ile ya Kigwena ni nyingine, asiende.

Halafu toa mkono wako, Mama, ujifute, urudi nyumbani.

Mwanao,
Hamisi wa Athumani